Diu na Ladakh msizitie kapu moja

Mhariri,

Makala yenu kuhusu India, ile iliyotoka na ramani ya rangi mbili, niliisoma mpaka mwisho. Majimbo 28 mmeyapaka kijani. Yale maeneo 8 yanayosimamiwa na serikali kuu, yanayoitwa maeneo ya Muungano, mmeyapaka njano yote, na chini yake mkaeleza kwamba ni sehemu ndogo ambazo hazikutosha kuwa majimbo, ndiyo maana zinaongozwa kutoka Delhi. Maelezo hayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Nimeishi katika moja ya sehemu hizo, nimefika nyingine, na maisha yangu yote ya kazi yalikuwa ya utawala. Naomba nafasi.

Nianze na huo udogo. Ladakh ina zaidi ya kilomita za mraba 59,000. Ukiunganisha Rwanda na Burundi hazifiki hapo, na mkoa wangu wa Lindi, ambao ni miongoni mwa mikoa mikubwa ya Tanzania, unaizidi kidogo tu. Delhi kwa sensa ya 2011 ilikuwa na watu karibu milioni 16.8, idadi ambayo majimbo mengi kamili ya India hayana. Jammu na Kashmir kulikuwa na zaidi ya milioni 12. Sasa tazama Lakshadweep: visiwa 36, vinavyokaliwa ni 10, nchi kavu yake yote ni kilomita za mraba 32, na watu ni elfu sitini na nne na ushei. Neno "ndogo" hapo linamhusu nani? Kwenye ramani yenu Lakshadweep haikuwekwa kabisa. Upande wa Bahari ya Arabu mchoraji ameacha maji matupu.

Mwishoni mwa miaka ya sabini nilipata ufadhili wa kusomea utawala Chandigarh. Mji ule ulibuniwa baada ya mgawanyo wa India na Pakistan wa 1947, Punjab ilipokatwa vipande viwili na Lahore, mji wake mkuu, ikabaki Pakistan. Nehru akataka mji mpya kabisa, na mchoraji Le Corbusier akaupanga kwa sekta zenye namba, barabara zimenyooka, miti imepandwa kwa hesabu, na namba 13 ikarukwa. Kisha tarehe 1 Novemba 1966 Punjab ikagawanywa tena, ikazaliwa Haryana, na kila upande ukasema mji ni wake. Serikali kuu ikauchukua yenyewe. Kuanzia hapo Chandigarh ni makao makuu ya majimbo mawili na haimo ndani ya jimbo lolote. Mabunge ya Punjab na Haryana yanakutana katika jengo moja, kila moja na ukumbi wake. Mahakama Kuu ni moja kwa wote. Mwaka 1985 Rajiv Gandhi, aliyekuwa waziri mkuu wa India, na kiongozi wa Masingasinga, Harchand Singh Longowal, walitia saini makubaliano kwamba mji ungekabidhiwa Punjab tarehe 26 Januari 1986. Tarehe ilifika, ikapita, na hadi leo haujakabidhiwa.

Mambo haya vitabuni yanasomeka kama ugomvi wa wakubwa. Mimi niliyaona kwa mzee aliyekuwa akituuzia chai nje ya bweni. Mfereji wa maji machafu ulikuwa umeziba mbele ya kibanda chake. Akaenda ofisi moja, akaambiwa afisa mhusika ametoka Punjab na muda wake umekwisha, amesharudi kwao. Akaenda nyingine, akaambiwa asubiri anayekuja kutoka Haryana. Utaratibu wa pale ulikuwa ni maofisa kuazimwa kutoka majimbo hayo mawili, kwa kawaida sitini kwa arobaini. Yule mzee alikuwa anamwaga maji ya kuoshea vikombe kwa kopo, anavuka barabara ili asizidishe uvundo, na kila akirudi anatuuliza sisi wanafunzi wa utawala: mtu wa hapa ni nani? Alimaanisha, katika ofisi zote hizo, ni nani ambaye kesho atakuwa bado yupo na anahitaji kura yangu? Wakati huo Chandigarh haikuwa hata na halmashauri ya mji ya kuchaguliwa. Ilikuja miaka ya tisini.

Swali lake nilirudi nalo nyumbani. Niliajiriwa, na baada ya miaka nikawa afisa tarafa. Afisa tarafa hachaguliwi na wananchi. Nilifanya kazi kwa moyo wangu wote, na bado nasema wazi kwamba anayeteuliwa hutazama kwanza kule alikoteuliwa. Ndivyo kazi ilivyo, awe mtu mwema au mbaya. Kilichosaidia ni kwamba karibu yangu alikuwepo diwani. Wananchi wakiniona nimelala, walikuwa na mtu wao wa kumfuata, na yeye alinijia juu. Kwa hiyo ninaposoma habari za maeneo ya Muungano ya India siulizi kwanza yana ukubwa gani. Nauliza kama watu wa pale wana mtu wao, na mtu huyo ana nguvu ya kufanya nini. Mkiyapima kwa kipimo hicho, rangi yenu moja ya njano itawapasukia vipande vingi.

Mfumo wenyewe ulianza 1956. India ilikuwa inapanga upya majimbo yake kwa kufuata lugha: Kitelugu na jimbo lake, Kimalayalam na lake, Kikannada na lake. Katika kupanga huko kukabaki sehemu ambazo hazikuingia popote kwa urahisi. Visiwa vya mbali. Mji mkuu wenyewe. Nchi za milimani kama Himachal Pradesh, Manipur na Tripura. Baadaye zikaongezeka sehemu zilizotoka mikononi mwa Wafaransa na Wareno. Zikapewa jina moja kwa sababu ya urahisi wa sheria, lakini kila moja iliingia kwa mlango wake. Nyingine zimeshatoka: Himachal Pradesh ikawa jimbo 1971, Manipur na Tripura 1972, Mizoram, Arunachal Pradesh na Goa zikafuata 1987. Hilo pia makala yenu haikulisema, kwamba kuwa eneo la Muungano kwa wengi ilikuwa ni hatua ya njiani.

Kwa Diu nitakaa kidogo, kwa sababu ni ya karibu yetu kuliko wasomaji wengi wanavyodhani. Ni kisiwa chembamba kusini mwa jimbo la Gujarat. Francisco de Almeida, yuleyule Mreno aliyeivamia Kilwa na kuichoma Mombasa mwaka 1505, ndiye aliyeshinda vita vya baharini vya Diu Februari 1509. Ngome yao pale ilianza kujengwa 1535. Wareno wa Goa walitawala pia Msumbiji mpaka 1752, na wafanyabiashara wa Diu wakawa wanapeleka vitambaa Msumbiji na kurudi na pembe za ndovu. Wamakonde wa kusini ya kwetu hapa wana jamaa ng'ambo ya Ruvuma. Jamaa hao walivaa vitambaa vya mikono ya Gujarat kwa vizazi. Na wapo Diu watu wa asili ya Afrika, Wasiddi, ambao serikali ya India imewaorodhesha miongoni mwa makabila yanayolindwa kisheria.

Rafiki yangu wa bwenini alikuwa kijana wa Diu. Ndugu zake wengi walikuwa mafundi waashi Msumbiji, na baada ya uhuru wa 1975 bibi yake alikuwa miongoni mwa waliorudi. Likizo moja alinichukua kwao. Bibi aliponiona tu alinisalimia kwa Kireno, maana kwake Mwafrika lazima ajue Kireno, na tulipokosa lugha akanyamaza, akaenda jikoni, akaja na kamba wa nazi na wali. Kisha kupitia kwa mjukuu wake akaniuliza kama kwetu bado korosho tunazibangua kwa kuchoma kwenye bati uani, moshi wake unaowasha macho. Nilipomwambia ndiyo, na kwamba mimi ni mtu wa Lindi na korosho ndiyo iliyonisomesha, alicheka mpaka akafuta machozi kwa upindo wa sari. Nje kulikuwa na mikoche, ile iliyoipa Mikocheni ya Dar es Salaam jina, shina linapanda kisha linagawanyika kama panda ya manati. Wenyeji wanasema Wareno waliileta kutoka Afrika, ingawa wataalamu wa mimea wanaihesabu kuwa ni ya hukohuko magharibi mwa India.

Sasa sikilizeni watu hawa wamefanyiwa nini kiutawala. India iliziteka Goa, Daman na Diu kwa jeshi Desemba 1961, zikawa eneo moja la Muungano. Kwenye ramani hazishikani: kutoka Daman kwenda Diu kwa barabara ni zaidi ya kilomita 600, unazunguka Ghuba yote ya Khambhat. Januari 1967 wakaulizwa. Watu wa Goa waliulizwa kama wanataka kuingizwa Maharashtra, watu wa Daman na Diu kama wanataka kuingizwa Gujarat, na kote walio wengi walipiga kura ya kubaki walivyo. Nasisitiza neno kuulizwa. Miaka ishirini baadaye Goa ikawa jimbo, Daman na Diu zikaachwa peke yake. Halafu mwishoni mwa 2019 Bunge likapitisha sheria ya kuziunganisha na Dadra na Nagar Haveli, na tarehe 26 Januari 2020 likawa eneo moja lenye jina refu kuliko yote. Safari hiyo wananchi hawakupigishwa kura.

Na Dadra na Nagar Haveli ni watu wengine kabisa. Hakuna bahari. Ni nchi ya bara, zaidi ya nusu ya watu wake ni wa makabila ya asili, wengi wao Wawarli, wanaochora kuta za nyumba zao kwa unga mweupe wa mchele. Historia yao nayo ni ya peke yake: Wareno walifukuzwa na watu wa kujitolea mwaka 1954, miaka saba kabla ya Goa, na katikati hapo sehemu ile ilijiendesha yenyewe kwa baraza lake. Ulipofika wakati wa kuingia India 1961, ofisa mmoja wa serikali, K. G. Badlani, alifanywa waziri mkuu kwa siku moja ili awepo mtu wa kutia saini. Mvuvi wa Diu na mkulima wa Kiwarli leo wana Msimamizi mmoja aliyeteuliwa, makao yake yako Daman, na hawana bunge. Sababu iliyotolewa ilikuwa kupunguza gharama na kuondoa ofisi zinazojirudia. Gharama ni jambo la kweli, nimepanga bajeti za tarafa na ninalijua. Lakini watu walioulizwa 1967 walistahili kuulizwa tena.

Puducherry ni kinyume chake, na hapo ndipo ninapowaonea fahari. Wafaransa walikabidhi 1954, mkataba ukakamilika 1962. Walichokabidhi ni vipande vinne: Puducherry yenyewe na Karaikal ndani ya Tamil Nadu, Yanam kule Andhra Pradesh, na Mahé iliyoko pwani ya pili kabisa, ndani ya Kerala. Mtu wa Mahé anasema Kimalayalam na anatazama magharibi, kwenye bahari hii yetu. Wa Yanam anasema Kitelugu. Wa Karaikal Kitamil. Busara ya utawala ingeweza kusema kila kipande kimezwe na jirani yake. Badala yake waliachiwa bunge lao la viti 30, na Mahé, yenye kilomita za mraba 9 tu, ina mbunge wake mmoja anayevuka bara zima kwenda vikaoni. Yanam ina wake. Wana Waziri Kiongozi na mawaziri. Kasoro ipo: serikali kuu inaweza kuteua wajumbe watatu zaidi, nao wanapiga kura sawa na waliochaguliwa, jambo ambalo Mahakama ya Juu ililikubali 2018. Katika bunge la watu 30, kura tatu zisizotoka kwa wananchi ni nyingi.

Delhi nayo ina bunge, viti 70, tangu marekebisho ya katiba ya 1991. Ila polisi si wa serikali yake, ardhi si yake. Mei 2023 Mahakama ya Juu ilisema watumishi wa umma wawe chini ya serikali iliyochaguliwa. Siku chache tu baadaye serikali kuu ikatoa amri ya kuugeuza uamuzi huo, na Agosti Bunge likaifanya sheria. Magazeti yanayaandika haya kila siku, nisirefushe.

Ninachotaka kukirefusha ni visiwa, kwa sababu huko ndiko kusikokuwa na sauti kubwa.

Lakshadweep karibu wote ni Waislamu. Wanasema Kimalayalam cha namna yao, isipokuwa Minicoy, kisiwa cha kusini, ambako lugha ni ile ya Maldivi. Urithi wa nyumba na ardhi kwa desturi yao unafuata upande wa mama, jambo ambalo Mngazija atalielewa bila kuelezwa. Wanaishi kwa nazi na jodari. Minicoy jodari huvuliwa kwa mshipi na ufito, mmoja mmoja, bila nyavu kubwa, kisha huchemshwa, hupigwa moshi na kuanikwa juani mpaka awe mgumu wa kukatwa kwa kisu kikali. Watu wa pwani tunajua kazi iliyomo ndani ya kipande kile kimoja cha samaki.

Visiwa hivi havina bunge. Vina mbunge mmoja huko Delhi, vina mabaraza ya vijiji, na juu yao yuko Msimamizi. Katiba, Ibara ya 240, inampa Rais wa India mamlaka ya kutunga kanuni za visiwa hivyo zenye nguvu sawa na sheria ya Bunge. Mwaka 2021 zilitoka rasimu kadhaa kwa mpigo. Moja ilikuwa ya mamlaka ya maendeleo yenye uwezo wa kutwaa ardhi kwa ajili ya miradi. Nyingine ilimzuia mwenye watoto zaidi ya wawili kugombea udiwani wa kijiji. Nyingine ilikataza kuchinja ng'ombe. Nyingine ilihusu kumweka mtu kizuizini bila mashtaka ya kawaida, katika visiwa vinavyosifika kwa kutokuwa na uhalifu. Tarehe 7 Juni mwaka huo watu walifunga kula kutwa nzima majumbani mwao, kwa muda wa saa 12, wamekaa na mabango mlangoni. Bunge la Kerala, jimbo jirani, lilikuwa limeshapitisha azimio kwa kauli moja la kuwaunga mkono. Hebu pimeni: bunge la kuwasemea ilibidi liazimwe kwa jirani.

Andaman na Nicobar ni upande wa pili wa India, na ni dunia nyingine. Kusini kabisa wako karibu na Sumatra kuliko India bara. Waingereza walipafanya gereza. Wafungwa waliopelekwa huko walizaa, na wajukuu zao ni wenyeji. Baada ya 1947 waliletwa wakimbizi wa Kibengali kutoka Pakistan ya Mashariki, kabla ya hapo Wakareni kutoka Burma, wakaja Watamil na vibarua wa Ranchi. Chini ya wote hao wapo wenye visiwa: Waonge, Wajarawa, Waandamani Wakuu waliobaki wachache mno, Washompen, Wanikobari, na wale wa kisiwa cha Sentinel ya Kaskazini ambao hawataki mgeni. Sheria ya 1956 inawalinda, na hairuhusiwi kusogea karibu na kisiwa hicho cha Sentinel.

Hapa nakubali jambo moja bila kinyongo. Ipo kazi ambayo mkono wa serikali kuu unaifanya vizuri kuliko bunge la mahali. Bunge la Andaman likichaguliwa leo, wengi wa wapigakura wangekuwa walowezi, na watu wa Sentinel wasingekuwa na hata kura moja. Wala sisemi Lakshadweep yenye watu elfu sitini iwe jimbo kamili. Lakini kati ya jimbo kamili na kusubiri waraka wa Msimamizi pana nafasi kubwa: baraza la kuchaguliwa lenye sauti juu ya ardhi, juu ya uvuvi, juu ya desturi za urithi. Hilo halikati umoja wa nchi yoyote. Na huko Nicobar Kuu, ambako serikali kuu inataka kujenga bandari kubwa, uwanja wa ndege na mji katika kisiwa cha Washompen na Wanikobari waliokwishapoteza vijiji vyao kwa tsunami ya 26 Desemba 2004, sauti hiyo ingehitajika jana.

Msomaji asije akafananisha haya na Zanzibar yetu kwa sababu ya neno Muungano. Zanzibar ina Katiba yake, Rais wake na Baraza la Wawakilishi. Hakuna eneo lolote kati ya yale 8 lenye kitu cha namna hiyo.

Jammu na Kashmir ndiyo iliyokuwa karibu nacho, na ndiyo iliyoshushwa. Ilikuwa jimbo lenye katiba yake. Agosti 2019 serikali kuu iliondoa hadhi hiyo maalumu na kulikata jimbo mapande mawili, na tarehe 31 Oktoba yakawa maeneo mawili ya Muungano: Jammu na Kashmir lenye bunge, Ladakh lisilo na bunge. Tangu mfumo uanze, jimbo lilikuwa halijawahi kuteremshwa hivyo. Bunge la jimbo lilikuwa limevunjwa tangu Novemba 2018, kwa hiyo maoni ya jimbo yalitolewa na Bunge la India kwa niaba yake. Uchaguzi ulikuja 2024, baada ya Mahakama ya Juu kuweka mwisho wa muda, na Omar Abdullah akaapishwa Waziri Kiongozi Oktoba. Ahadi ya kurudishwa kuwa jimbo imesemwa mara nyingi. Tarehe haijatajwa.

Ladakh ndiyo iliyonifanya barua hii iwe ndefu. Mmeipaka njano sawa na Daman. Ni jangwa la baridi, vijiji vingi viko juu ya mita 3,000, mvua ni haba, shayiri inalimwa kwa maji ya barafu inayoyeyuka. Upande wa Leh wengi ni Wabudha, upande wa Kargil wengi ni Washia. Mwaka 2019 watu wa Leh walisherehekea, kwa sababu kwa miongo walikuwa wakilalamika kwamba Srinagar, makao makuu ya jimbo lao la zamani, inawasahau na walikuwa wakidai kuwa chini ya Delhi moja kwa moja. Kargil waliandamana kupinga. Leo Leh na Kargil, ambao hawakuwahi kukubaliana kwa mengi, wamekaa upande mmoja wa meza. Wanadai kuwa jimbo, na wanadai kuingizwa kwenye Jedwali la Sita la Katiba, lile linalowapa watu wa makabila ya Meghalaya na Mizoram mabaraza yenye mamlaka juu ya ardhi na desturi. Zaidi ya asilimia 90 ya watu wa Ladakh ni wa makabila hayo yanayotambuliwa. Wana mabaraza ya milimani, la Leh tangu 1995 na la Kargil tangu 2003, lakini hayana mamlaka ya kutunga sheria za ardhi wala za ajira za serikali. Mbunge ni mmoja kwa eneo lote lile lililo kubwa kuliko Rwanda na Burundi pamoja.

Machi 2024 mhandisi Sonam Wangchuk alifunga kula siku 21 nje, katika baridi ya Leh, akinywa maji na chumvi tu, na maelfu wakaja kukaa naye kwa zamu. Septemba 2025 walifunga tena, na tarehe 24 mji ukalipuka. Watu wanne waliuawa, Wangchuk akakamatwa na kupelekwa gereza la Jodhpur, mbali na kwao.

Gazeti lenu lilipoitaja Ladakh mwaka uliopita, habari ilikuwa ni mpaka na China, vifaru na wanajeshi. Nawaomba safari nyingine mwandishi wenu atafute pia madai ya baraza la Kargil na ya viongozi wa Leh, ayaandike kwa kirefu kama mlivyoandika ya majenerali. Wako wasomaji wengi huku mikoani, waliowahi kuongozwa na mtu aliyeletwa kutoka mbali, ambao wataelewa kila neno.

Wenu,
Afisa tarafa mstaafu,
Lindi